Matangi ya kemikali za visima vya mafuta yasigeuzwe matangi ya maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo nimekaa nalo moyoni kwa muda mrefu. Kazi yangu ni kutunza ghala la mafuta na kemikali zinazotumika katika visima vya mafuta, na kwa miaka yote niliyoifanya sijaona chombo kinachodharauliwa kama lile tangi jeupe la plastiki la lita 1,000, lililofungwa ndani ya kizimba cha vyuma na kukalishwa juu ya paleti. Mafuta yakitajwa magazetini hutajwa bei, mabomba na meli. Tangi hili halitajwi kabisa, ilhali kemikali nyingi zinazokiwezesha kisima kuendelea kutoa mafuta hufika kazini zikiwa ndani yake: dawa za kuzuia kutu, dawa za kutenganisha mafuta na maji, dawa za kuua bakteria, methanoli ya kuzuia gesi na maji visigande pamoja na kuziba bomba, na asidi hidrokloriki inayopampiwa chini ili kuyeyusha mwamba na kufungua njia za mafuta.

Ombi langu ni moja. Tangi lililobeba vitu hivi lisitoke kazini na kuingia mitaani kwa jina la tangi tupu, likiwa limebanduliwa lebo na kung'olewa bati lake la utambulisho, ili mtu aliyelinunua kwa nia njema akaweke humo maji ya watoto wake.

Siku moja kijana alifika getini kwetu akitaka kununua matangi manne ya namna hiyo. Aliniamkia vizuri, akasema, "Mzee, haya si yameshaisha dawa? Nitayasugua kwa sabuni, hayatakuwa na neno." Nikamwambia, "Mwanangu, njoo nikuonyeshe kitu kwanza." Nilichagua tangi moja lililokuwa limebeba dawa ya kutenganisha mafuta na maji, dawa ambayo huyeyushwa katika zailini, yaani kiyeyushi chenye harufu kali, nikalisuuza mbele yake mara tatu mpaka maji yakatoka safi. Alinusa mdomo wa tangi, akatabasamu, kwa kuwa hakukuwa na harufu ya kumshtua. Nikafunga kifuniko, nikaliacha juani mbali na kila aina ya moto, na nikamwomba arudi kesho yake mchana. Aliporudi nilifungua kifuniko polepole. Harufu iliyotoka ilimfanya arudi nyuma hatua tatu huku akijifuta macho, na pale juu, chini ya ukingo wa mdomo, tuliona plastiki imegeuka rangi ya chai hafifu, rangi ambayo brashi haikuweza kuitoa kwa sababu haikuwa juu ya plastiki bali ndani yake.

Hakuna uchawi hapo. Plastiki ya matangi haya, ambayo ni polithilini nzito, haipitishi maji, lakini vimiminika vya jamii ya zailini, toluini na benzini huipenya taratibu na kukaa ndani ya ukuta wake. Sabuni husafisha uso tu. Jua likipiga, kilichojificha hutoka tena, nacho hutokea upande wowote, ikiwemo upande wa maji. Kwa hiyo mtu anaweza kusuuza kwa bidii na kwa uaminifu wote, akanusa, akaridhika, na bado akawa amekosea.

Neno lenyewe "tupu" ndilo linalotuponza. Katika mazungumzo ya kila siku, tupu ni pasipo na kitu. Katika kanuni, maana yake ni nyingine kabisa. Nchini Marekani, kwa mfano, kanuni za taka hatari huruhusu chombo chenye ujazo unaozidi galoni 119, yaani lita 450 hivi, kihesabiwe kuwa tupu pale ambapo kimemiminwa kwa njia za kawaida na mabaki yake hayazidi asilimia 0.3 ya uzito wa ujazo wake wote. Kwa tangi la lita 1,000 hiyo ni karibu kilo 3 za kemikali, zimelala chini kabisa karibu na vali, mahali ambapo maji ya kwanza ya mnunuzi yatapitia. Kwa kemikali zilizo kali kupita kiasi kanuni hizo hizo hazitosheki na kumimina, bali hudai chombo kisuuzwe mara 3 kwa kiyeyushi kinachofaa au kisafishwe kwa njia nyingine iliyothibitishwa kufikia kiwango hicho. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Debe hili ninalolisema halivumi, na ukimya wake ndio ninaouogopa.

Ni haki kukiri kwamba kemikali hazifanani. Methanoli huchanganyika na maji na husuuzika vizuri, hivyo tangi lake likisafishwa ipasavyo halibaki na kitu kama lile la zailini. Lakini methanoli hiyo hiyo, mtu akiinyonya kwa mdomo kupitia mpira ili kumalizia mabaki, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu na kulipigia kelele, mililita 10 tu, yaani vijiko viwili vidogo vya chai, zinaweza kumpofusha. Glutaraldehaidi, inayotumika kuua bakteria katika maji ya visima, huunguza ngozi na mapafu. Asidi haina haja ya maelezo. Mnunuzi wa mtaani hana njia ya kujua ni ipi kati ya hizi iliyokaa katika tangi lake, kwa sababu kabla halijamfikia, mtu mwingine ameshakwangua lebo ili lionekane jipya. Kanuni za kielelezo za Umoja wa Mataifa kuhusu usafirishaji wa bidhaa hatari zinasema wazi kwamba chombo kilichomaliza bidhaa hatari na bado hakijasafishwa kishughulikiwe vilevile kama kilivyokuwa kimejaa, lebo zake zikiwa mahali pake. Anayekwangua lebo kabla ya usafishaji anafuta onyo pekee ambalo mnunuzi angelipata.

Hapa naomba wasomaji wanivumilie niwaeleze namna ya kusoma bati la tangi, maana ni elimu ndogo isiyohitaji shule kubwa. Kwenye kizimba, aghalabu upande wa vali, kuna kibati chenye duara ambalo ndani yake zimeandikwa herufi "u" na "n", moja juu ya nyingine. Baada ya hapo hufuata maandishi kama 31HA1/Y/03 22. Tarakimu 31 humaanisha ni chombo kigumu cha vimiminika, H ni plastiki ya ndani, A ni chuma cha nje, na 1 husema kwamba tangi la ndani ni gumu, si mfuko. Ukikuta 31A peke yake, basi hicho ni chombo cha chuma pekee. Herufi inayofuata hueleza ukali wa bidhaa kinachoruhusiwa kubeba: X ni kwa viwango vyote vya hatari (nayo hupewa vyombo vya bidhaa kavu tu, si vya vimiminika), Y ni kwa hatari ya kati na ndogo, na Z ni kwa hatari ndogo pekee. Kisha huja mwezi na mwaka wa kutengenezwa, nchi iliyoidhinisha, jina la mtengenezaji, uzito uliotumika kulijaribu tangi kwa kubebeshwa juu yake, na uzito wa juu kabisa wa tangi likiwa limejaa. Ukiona sifuri mahali pa uzito wa kubebeshwa, maana yake lisipangiwe kitu juu hata kidogo.

Mwaka ule wa kutengenezwa si pambo. Kwa kawaida tangi la plastiki la kubebea vimiminika hatari hupewa miaka 5 tu ya kazi hiyo tangu tarehe ya kutengenezwa, na katikati ya muda huo, kila baada ya miaka 2 na nusu, linapaswa kukaguliwa na kupimwa kwa hewa kama linavuja. Jua hulikausha plastiki na kulifanya livunjike kirahisi, kemikali hulilainisha au kulifanya lipasuke kwenye kona, na foklifti hulikwaruza chini kila siku. Nimewahi kupokea tangi ambalo bati lake lilikuwa limepita miaka 5 kwa miezi minane, limejaa mpaka shingoni, gasketi ya kifuniko imevimba kama ulimi ulioungua, na mpini wa vali ukiwa umefungwa kwa waya kwa sababu kitasa chake kilishavunjika. Dereva alishangaa nilipokataa kulishusha pamoja na mengine. Alisema mbona halijavuja. Nilipitisha kitambaa chini ya vali nikamwonyesha unyevu wake, naye hakusema tena.

Kujaza mpaka shingoni nako ni kosa linalofanywa na watu wasiokuwa na nia mbaya, wanaodhani kwamba nafasi iliyobaki juu ni hasara. Vimiminika hutanuka. Lita 1,000 za dizeli huongezeka kwa takriban lita 8 kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi, na ndiyo maana kanuni inataka tangi, hata kimiminika kikifikia wastani wa nyuzi 50, lisiwe limejaa kupita asilimia 98. Kinyume chake pia kipo: mfanyakazi anafungua vali ya chini bila kulegeza kifuniko cha juu, hewa inakosa pa kuingia, na tangi linajivuta ndani na kukunjamana mbele ya macho yake.

Kuna na suala la uzito, ambalo macho hayawezi kulipima. Tangi la lita 1,000 la dizeli lina mzigo wa kilo 840 hivi. Tangi hilo hilo likijazwa maji ya chumvi nzito ya kalisi bromaidi, yanayotumika kudhibiti mgandamizo wa kisima, linaweza kufikia kilo 1,700, na yakiwa ya zinki bromaidi hupita kilo 2,000. Kwa mbali yote ni matangi meupe yenye maji maji ndani. Anayeyapanga matatu kwenda juu kwa sababu jana aliyapanga hivyo yakiwa na kitu kingine, anaweza kuyaona ya chini yakipasuka usiku wakati hakuna mtu.

Wengine huniuliza kwa nini basi vyombo vyote visiwe vya chuma. Swali ni zuri, na jibu lake ni kwamba hakuna chombo kinachofaa kila kitu. Asidi hidrokloriki hula chuma, hata kile cha pua, kwa hiyo huhitaji plastiki au tangi lililotandikwa mpira ndani. Zailini na methanoli, kwa upande wao, huwaka, na kwa vimiminika vinavyowaka mimi nasimama upande wa chuma bila kusita. Majaribio ya moto yaliyofanywa Uingereza yalionyesha kwamba tangi la plastiki lenye kizimba hushindwa ndani ya dakika chache tu moto unapoligusa: plastiki huyeyuka, kimiminika chote humwagika kwa mkupuo, na moto mdogo wa pembeni hugeuka ziwa la moto linalopita chini ya matangi ya jirani. Chuma hukupa muda wa kukimbia na kuita wazima moto. Methanoli, ambayo mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia kwenye nyuzi 11 hivi, ina hila nyingine ya kuongeza: mwali wake hauonekani vizuri mchana, kiasi kwamba mtu huweza kuuingia bila kujua.

Chuma nacho kina masharti yake. Oktoba 2007, katika mji wa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, mfanyakazi alikuwa akijaza tangi la chuma la galoni 300 kwa kiyeyushi kinachowaka. Aliingiza mdomo wa mpira wa kujazia katika tundu la juu, akauning'inizia kipande cha chuma ili usichomoke, akageuka kufanya jambo jingine. Alisikia mlipuko mdogo, na alipotazama nyuma tangi lilikuwa limezingirwa na moto, na ghala lote likafuata. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa kemikali ya nchi hiyo ulionyesha kwamba mdomo ule wa kujazia, pamoja na chuma kilichoning'inizwa, havikuwa vimeunganishwa kwa waya na tangi wala na ardhi. Kimiminika kinachopita kwenye mpira huzalisha umeme tuli. Umeme huo usipopewa njia ya kwenda ardhini hujikusanya kwenye chuma kilichotengwa, kisha huruka kama cheche kwenda kwenye chuma kilicho jirani, na katikati ya vyuma hivyo viwili kuna mvuke unaosubiri. Waya mmoja wenye kibano ungetosha. Na waya huo haufai kitu ukibanwa juu ya rangi au kutu, jambo ambalo nimelazimika kulirudia kwa kila mfanyakazi mpya: kwaruza mpaka uone chuma, ndipo ubane.

Kuhusu sakafu nitasema kwa ufupi. Matangi yakae ndani ya ukuta mfupi usiopitisha maji, wenye uwezo wa kushika angalau asilimia 110 ya tangi kubwa kuliko yote yaliyomo, na asidi isikae ndani ya ukuta mmoja na vitu ambavyo ikikutana navyo hutoa gesi ya sumu. Kwa wanaofanya kazi baharini, matangi ya chuma yenye masikio ya kunyanyulia na vyeti vya ukaguzi wa kila mwaka yapo tangu zamani, na mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Bahari kuhusu vyombo hivyo ulitolewa 1998. Hao wanajua tangi la plastiki lenye kizimba halining'inizwi kwenye kreni peke yake juu ya mawimbi.

Narudi kwenye matangi yanayotoka getini. Simlaumu anayeyanunua. Anahitaji chombo kikubwa, ameona kilicho imara na cha bei anayoiweza, na hakuna aliyemwambia lolote. Lawama yangu naielekeza kwetu sisi tunaoyatoa, kwa sababu njia halali ipo na si ngumu. Muuzaji wa kemikali achukue tangi lake lirudi. Akiwa nalo anaweza kulisafisha katika kituo chenye vifaa vya kushughulikia maji machafu, au akalitoa tangi la ndani na kuweka jipya kwenye kizimba kile kile ambacho bado ni kizima, kisha likapewa bati jipya lenye tarehe mpya. Plastiki ya zamani isagwe ikatengenezewe vitu visivyogusa chakula wala maji ya kunywa. Anayesafisha ndiye aondoe lebo, akitoa na hati inayosema alisafisha nini, kwa kitu gani, na lini. Mahali ambapo hakuna kituo wala wa kulirudishia, tangi litobolewe kabla ya kutoka, na litobolewe kwa kifaa kisichotoa cheche baada ya mvuke kuondolewa, maana wapo waliokata vyombo vya aina hii kwa grainda au kwa gesi wakiamini kwamba havina kitu, na mvuke uliobaki ukalipuka mikononi mwao.

Najua nitaambiwa kwamba kulisafirisha tangi tupu kurudi lilikotoka ni gharama. Ni kweli. Lakini gharama hiyo haifutiki kwa kulitoa getini; huhamishiwa mtu ambaye hakushirikishwa katika faida ya kisima wala katika bei ya kemikali, naye hulipa kwa macho, kwa ngozi au kwa ini lake, tena bila kujua analipia nini. Wanaoandika mikataba ya kununua kemikali waingize humo sharti la kurudisha vyombo tangu siku ya kwanza, pamoja na amana inayorejeshwa tangi likifika. Nimeona sharti hilo likifanya kazi katika mitungi ya gesi, ambayo hakuna anayeitupa, kwa kuwa kila mmoja anajua mtungi ni wa nani.

Yule kijana hakununua matangi yake kwangu. Nilimwelekeza aulize matangi yaliyobeba vyakula, kama sharubati au mafuta ya kupikia, na nikamsisitizia asikubali kulipia mpaka aione lebo ya kilichokuwamo ikiwa haijaguswa. Lile tulilolisuuza pamoja lilirudi kwa muuzaji wake likiwa na lebo yake, na juu ya kifuniko niliandika kwa wino mwekundu neno "zailini".

Pamoja na barua hii nimeambatanisha mchoro wa bati nilioueleza hapo juu, nimeuchora kwa mkono na kuandika maana ya kila herufi pembeni yake. Ukipata nafasi hata ya robo ukurasa, Mhariri, nakuomba uuchapishe.

Ndimi msomaji wako,
Mtunza ghala